Mama Mkwe Nyuma ya Pazia, Santuri Juu ya Sabufa

Mimi Mabula nimeona mambo. Nimeona sangara mzito kuliko mtu aliyemvua, nimeona lori langu mwenyewe likiteremka mlima bila dereva na kwenda kusimama kwa upole mbele ya duka la majeneza, nimeona mganga aliyetumwa kuniroga akaishia kuniomba nauli ya kurudi kwao (nikampa, mimi siyo mchoyo), kwa hiyo miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunishtua, na nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kubwa, maana mtu aliyejitoa mwenyewe kwenye umaskini ana haki ya kusema kwa sauti kubwa. Basi leo nazungumza kwa sauti ya chini. Mama mkwe wangu, mama aliyemzaa mke wangu, amenikuta nimelala kifudifudi katika sebule yangu mwenyewe, kifua wazi, makalio juu, bukta imepasuka, na marehemu mume wake nimemwekea sarafu ya mia tano kichwani. Chekeni kwanza mmalize, halafu niwaeleze.

Kwa wale wasionijua, nilianza na toroli pale Mwaloni nikisukuma magunia ya dagaa ya watu. Shule niliishia darasa la nne, siyo kwamba akili hazikuwepo, zilikuwa nyingi mpaka zikakosa pa kukaa (mwalimu wangu alikuwa na maelezo mengine, lakini hayupo hapa kuyatoa). Baadaye nikanunua mzani, nikawa napima samaki, mzani ukanunua lori, lori likanunua lori jingine, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi Igoma na nyumba ambayo sebule yake ukimwita mtu aliyekaa upande wa pili inabidi urudie. Na ndani ya sebule hiyo nina sabufa. Tena siyo haya masabufa mnayoyajua ninyi ya kuwekea chaja ya simu. Yangu ikiamka, vikombe vya jirani vinahama kabatini.

Sasa mama mkwe. Mke wangu, Mama Kulwa, ni Mkerewe wa Nansio, na mama yake anaitwa Nyanjura, mtu wa adabu za zamani, zile ambazo hata sisi Wasukuma tunazijua vizuri: mkwe wa kiume na mama wa mke hawapeani mkono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anakata kushoto hata kama kushoto kuna mtaro. Miaka yote ya ndoa yangu mama mkwe nilikuwa namjua kwa mgongo na kwa ncha ya kanga inayopotea kwenye kona. Nikienda Nansio nasimama nje ya ukuta wa jiko, nainama, nasema, "Shikamoo mama," na ndani inatoka sauti, "Marahaba baba, watoto hawajambo?" nasema hawajambo, basi, mazungumzo ya mwaka mzima yamekwisha.

Na msije mkafikiri ni chuki. Mimi yule mama nampenda. Nilipokwenda kuposa, nina shati moja na viatu vya kuazima, wajomba walikaa wakanitazama kama samaki aliyelala, wote wakasema hapana, na sauti ikatoka jikoni, sauti ya mtu ambaye hajaniona hata uso, ikasema, "Mpeni. Ana mikono." Wakanipa. Kwa neno hilo, yule mama angeniambia nihamishe kisiwa cha Saanane nikilete Igoma ningeuliza tu nikiweke upande gani.

Mume wake, Mzee Mafuru, sikuwahi kumkuta hai. Alikuwa mwimbaji wa bendi pale Nansio enzi za bendi, mtu mwembamba wa sauti nyembamba, hakuwahi kuonja pombe (jambo ambalo, kwa mwanamuziki, bado linazungumzwa), na katika maisha yake yote alirekodi santuri moja tu, zile ndogo zenye tundu kubwa katikati, na wimbo wenyewe alimtungia mke wake, na karibu na mwisho anamwita jina. Gramafoni yao ilikufa zamani. Santuri ikabaki, imefungwa ndani ya kitenge, chini kabisa ya sanduku, na hakuna aliyejua kama kuna nyingine popote.

Mwaka huu mama mkwe akaja Mwanza kwenye kliniki ya macho, akafikia Mabatini kwa wifi yake, Shangazi Vero, dada wa marehemu. Jioni moja Mama Kulwa anarudi kutoka huko, ananyoosha nguo, pasi imesimama mahali pamoja mpaka kola yangu inaanza kunuka moshi. Namuuliza kuna nini. Anasema, "Mama amekuja na ile santuri ya baba. Anasema macho yakienda yaende, lakini angependa amsikie mara moja masikio yakiwa bado yake."

Mimi nikasema, "Jumapili atamsikia. Hapa hapa. Kwenye sabufa."

Kesho yake nikawa Mabatini kwa Bwana Hamdani, ambaye marehemu baba yake alikuwa anauza redio mahali pale pale, na yeye anauza kila kitu cha zamani kinachopiga kelele. Alikuwa na mashine za santuri mbili. Moja nyekundu, inafunguka kama sanduku la bibi harusi, spika zake humo humo ndani, inang'aa, na hiyo ndiyo aliyokuwa ananisukumia. Nikaiinua kwa mkono mmoja. Nyepesi! Kitu chepesi hivyo mimi sinunui, hata nyundo sinunui. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, sahani yake ya chuma ukiigusa kwa kidole inazunguka kama imesahau kusimama, na pembeni ina mkono mrefu mwembamba, mbele kichwa chenye sindano, nyuma kijiuzito cha mviringo ambacho ukikizungusha kinasogea mbele au kinarudi nyuma. Nilipokiona kijiuzito kile moyo ulifurahi. Nikasema, Hamdani, huu si mzani huu?

"Ni mzani, Mzee Mabula, lakini siyo ule wako. Nitakuja Jumapili asubuhi niupange mkono, elfu thelathini tu. Na hiki hapa kipete cha katikati kwa zile santuri ndogo, elfu tano."

"Hamdani, mimi nimepima samaki kabla ndevu hazijaota. Unifundishe mzani kwa elfu thelathini?"

"Ule wa samaki unapima kilo. Huu unapima gramu. Gramu mbili, basi."

"Gramu mbili hata inzi anakataa."

"Na kipete?"

"Tundu ni tundu."

Akanitazama, akafunga mashine kwenye boksi. Kwa hiyo mtaona kwamba mashine niliichagua vizuri, na hilo hadi leo hakuna anayenipokonya, hata Hamdani mwenyewe anakiri. Kilichoniangusha ni ile elfu thelathini na tano niliyoona nimeiokoa, nikatembea nayo mpaka kwenye gari nikipiga mluzi.

Jumapili ikafika. Nimeiweka mashine juu ya sabufa, kwa hesabu zangu muziki usisafiri mbali. Kati ya sebule na chumba cha kulia tumetundika pazia zito la mahameli, mama mkwe na Shangazi Vero wamepitia mlango wa nyuma na kukaa upande wa meza, mimi upande wa makochi. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, pole na kazi." Sauti yake ilikuwa ya furaha, ndugu zangu, sauti ya msichana anayesubiri kuitwa. Mama Kulwa akapita kwenye pazia na santuri ameibeba kwa mikono miwili kama kichanga.

"Baba Kulwa, iko moja tu. Unanielewa? Moja."

"Nakuelewa."

"Umeijaribu mashine na santuri nyingine kwanza?"

"Mke wangu," nikasema, "utaniuliza pia kama najua kuendesha baiskeli?"

(Sikuwa nimeijaribu.)

Tundu la santuri likawa pana, msumari wa katikati ya sahani ukawa mwembamba, santuri inacheza kama gurudumu lililolegea. Haikunisumbua. Nikachukua kizibo cha soda, nikakitoboa kwa msumari (nina duka la misumari), nikakipachika katikati. Nikabonyeza, sahani ikazunguka, nikashusha sindano. Ikatoka ngurumo moja nzito, ya taratibu, kama kitu kinaamka chini ya maji.

Nyuma ya pazia Shangazi Vero akauliza, "Huyo nani?"

"Ndiyo kaka yako, shangazi."

"Kaka yangu alikuwa na sauti ya filimbi. Huyo ni kiboko."

Kumbe kuna kitufe cha spidi, na hizi ndogo zinakimbia kuliko zile kubwa. Nikabonyeza. Sasa ikatoka sauti ya mtu kweli, lakini inapanda inashuka, inapanda inashuka, inayumba neno kwa neno, kama mtu anayetafuta mlango wa kwake baada ya sikukuu. Halafu nikamsikia mama mkwe akimwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia mimi bila kuniambia mimi, "Mwambie baba watoto kwamba marehemu hakuwahi kuonja pombe."

"Baba Kulwa, mama anasema..."

"Nimesikia. Ni kizibo hicho."

Nikakisukuma kizibo kwa ukucha, kidogo huku, kidogo kule, nikichungulia ukingo wa santuri mpaka ukaacha kunesa, nikarudisha sindano mwanzo. Na hapo, nawaambieni ukweli, ikatoka sauti nyembamba, safi, na gitaa nyuma yake linatembea kama mtu asiye na haraka, na upande wa pili wa pazia mtu akavuta pumzi. Nikajiona bingwa. Nikaongeza sauti ili bingwa asikike. Gitaa la besi likaingia, sabufa ikatikisika, sindano juu yake ikaruka kama panzi, krrrr, ikatua karibu na katikati, wimbo ukaisha.

Mtu mwenye akili angesema: mashine iko juu ya ngoma, ishushe. Mimi nikasema: mkono huu ni mwepesi. Nikazungusha kile kijiuzito kukisogeza mbele, sindano ikaruka. Nikakisogeza mpaka mwisho wake, ikaruka. Kila mara inaruka pale pale kabla mzee hajafika kwenye jina, na kila mara nyuma ya pazia nasikia kiti kinalia kidogo, kama mtu aliyekuwa amejisogeza mbele anajirudisha nyuma. Hicho kiti ndicho kilichokuwa kinaniua.

Nikampigia Masanja. Masanja ni rafiki yangu, anauza nyama jirani na dukani kwangu, na ujana wake alikuwa anazibua chupa kwenye baa zilizokuwa na gramafoni. Nikaweka spika ya simu maana mikono ilikuwa kazini.

"Masanja, sindano inaruka."

"Weka hamsini."

"Hamsini gani?"

"Sarafu, bwana! Juu ya kichwa cha mkono. Baa zote tulikuwa tunafanya hivyo. Walevi wanacheza, sakafu ya mbao inatikisika, unaweka sarafu, sindano inatulia kama imepigwa msumari."

"Na santuri haiharibiki?"

"Ya baa? Kila mwezi tunanunua nyingine."

Hilo la mwisho nililisikia lakini sikulisikiliza. Nikaweka hamsini. Ikaruka. Nikaweka mia juu ya hamsini. Ikaruka kidogo. Nikaweka mia mbili. Joto nalo! Feni nimezima kwa sababu upepo wake unachezea mkono, madirisha nimefunga kwa sababu malori ya barabara ya Musoma yanavuma, jasho linadondoka, na mimi nimevaa suti, maana mama mkwe alikuwa anakuja (kutoniona). Nikavua koti. Nikavua shati. Nikalitazama pazia. Nikajiambia, Mabula, hakuna kufuli nchi hii linaloshinda adabu ya mkwe, yule mama hata nyumba ikiungua atatokea dirishani kuliko kuvuka pazia hili. Nikavua suruali. Ndani nilikuwa na bukta ya zamani ya timu ya wasafirishaji, nyuma imepasuka kwa kazi, na Mama Kulwa, aliyekuwa ameingia kuniletea maji, akaiona akafungua mdomo, nikamwambia nyamaza, atakayeona nani?

Nikaweka mia tano. Sindano ikatulia! Haikuruka tena hata kidogo. Ila sasa wimbo ulikuwa unatoka na mlio mwingine juu yake, kama samaki anayekaangwa, na nikaona vumbi jeusi laini linajikusanya mbele ya sindano. Nikadhani ni uchafu wa zamani unatoka. Nikafurahi kwamba naisafisha. Halafu nikaona sabufa imeinama upande mmoja, nikasema hapo ndipo penye kasoro iliyobaki, nikalala kifudifudi kuchomeka kipande cha boksi chini ya mguu wake, kichwa chini, sehemu nyingine juu, mzee anaimba, mkaango unazidi, na mimi huku chini nasema kwa sauti, "Vumilia mzee, vumilia, tunakaribia."

Pazia likafunguka, tena siyo kwa ncha. Lilifunguka lote, pete zikalia kwenye fimbo moja baada ya nyingine.

"Toa hiyo mia tano juu ya mume wangu!"

Nimekulia sokoni, nimetukanwa na mabingwa, lakini sauti ile ilinipitia mgongoni mpaka kwenye nyayo. Ndilo neno la kwanza alilowahi kuniambia bila ukuta katikati. Na mimi, kwa sababu mdomo una mazoea yake hata mwenye mdomo akiwa amekufa, nikasema kutoka sakafuni, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Toa!"

Nikanyoosha mkono juu nikipapasa, nimelala vile vile, maana kusimama ni kugeuka na kugeuka ni kuongeza kosa. Sikuifikia. Nikasikia kanga inapita karibu na sikio langu, na mama mkwe mwenyewe, ambaye macho yake hayaoni vizuri lakini vidole vinaona, akauinua ule mkono wa mashine, taratibu, akaziondoa sarafu moja moja akampa wifi yake. Nikavuta cha kujifunika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kitambaa cha kochi, vile mke wangu anavyofuma kwa sindano, vyeupe, vya maua, vyenye matundu kuliko nyuzi.

"Kwanza ishusheni kutoka juu ya ngoma hii," akasema. "Mafuru alikuwa anaweka gramafoni mbali na spika, na mtu akipita karibu anamfukuza."

Meza ya kulia ni ya mninga, haitikisiki. Lakini mashine ni nzito, niliwaambia, inataka mikono miwili, na mimi mkono mmoja ulikuwa unashikilia kitambaa. Nikasimama pale nikipima. Nikachagua mashine. Kitambaa kikabaki sakafuni, nikavuka sebule nzima na bukta yangu, na mtaelewa sasa kwa nini sebule ndefu siyo baraka kila siku.

"Nimefumba macho, Mabula!" Shangazi Vero akanitia moyo.

"Hujafumba, shangazi."

"Nitafumba ukifika."

Mama Kulwa akanirushia kanga, nikajifunga kiunoni, nikasimama kwenye kona kama mwali. Mama mkwe akaomba mkono wa mashine urudishwe nyuma. "Alikuwa anauachia mpaka uelee," akasema, "usipande, usishuke, kama mtumbwi usio na mzigo. Ukishaelea, ndipo anauongezea kidogo, kama pumzi." Mke wangu akawa anazungusha kile kijiuzito, mama yake kidole kimekaa chini ya kichwa cha sindano, anasema bado, bado, rudisha, hapo. Mkono ukaelea hewani peke yake. Sijui niseme vipi. Nimetazama mizani maisha yangu yote nikingoja iende chini, sikuwahi kukaa kuitazama ikiwa haiendi popote.

Wakashusha sindano. Sauti ndogo, ya kiasi cha chumba. Pale nilipokwangua palikuwa na mlio, mvua ya kwenye bati, na kwa kila tone nilikuwa naona mlango wa kutokea. Mvua ikazidi, mzee akaimba ndani yake, akafika kwenye jina. Akaita, "Nyanjura." Na hapo sindano ikaingia kwenye mfereji nilioulima kwa mia tano yangu, ikarudi nyuma, akaita tena, "Nyanjura." Ikarudi. "Nyanjura." Ikarudi. "Nyanjura."

Nikaruka kutoka kwenye kona. "Mama, nisamehe, naitoa, naitoa sasa hivi..."

"Mwache."

"Imekwama, mama, mimi ndiye niliye..."

"Mwache aite." Alikuwa ameweka viganja viwili juu ya meza, pande zote za mashine, kama mtu anayeota moto. "Maisha yetu yote aliniita Mama Magesa, kama wanaume wote. Mbele ya watu, nyumbani, hata siku anaumwa. Jina langu alilitaja humu tu, mara moja, na mimi ile siku wanarekodi nilikuwa nimebaki Nansio na mtoto."

"Nyanjura," akasema mzee. "Nyanjura."

Shangazi Vero akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka, akajifuta kwa upindo wa kitenge. "Kaka huyu! Mimi dada yake hata mara mbili mfululizo hakuwahi kuniita." Mama Kulwa alikuwa amemshika mama yake bega. Mimi nilikuwa natazama kuta. Ni kuta nzuri, rangi ya maziwa, nilizipaka mwenyewe.

Hata sijui ilichukua muda gani. Mwisho mama mkwe akaugusa ule mkono kwa ncha ya kidole, kidogo tu kama mtu anayemwamsha mtoto, mzee akavuka, akaimba mpaka mwisho, gitaa likamalizia, sindano ikafika katikati, santuri ikabaki inazunguka.

Ndipo akageuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikauona uso wa mama mkwe, na ulikuwa uso wa mke wangu ukiwa umekaa juani muda mrefu zaidi. Akasogea karibu kabisa, kwa ajili ya macho yake, akanitazama kutoka kwenye kichwa hadi kwenye kanga.

"Kumbe wewe ni mfupi," akasema.

"Ndiyo mama."

"Kwa sauti yako nilidhani ni mrefu."

Sasa mkwe akishaonana na mkwe namna ile, jambo haliachwi likapoa lenyewe, lazima aibu ifutwe, na Shangazi Vero ndiye mwenye mamlaka hayo upande wao, akakaa kwenye kochi langu kubwa akaanza kutaja. Mbuzi. Blanketi zito. Vitenge doti mbili. Nikasema, shangazi, tuzungumze kama watu wazima, aliyevuka pazia ni nani? Akasema, na aliyevua suruali ni nani? Nikasema nyumba ni yangu. Akasema, basi ongeza kanga moja kwa ajili ya kushangilia nyumba yako. Mimi ambaye wauzaji wa sangara wakiniona wanashusha bei kabla sijafungua mdomo, nilijaribu kila ujanja ninaoujua, na ningeshinda, lakini mama mkwe akasema kutoka mezani, moja kwa moja kwangu, "Toa tu, mwanangu," na ukiambiwa hivyo na mtu ambaye hukuwahi kuambiwa kitu, unatoa.

Hamdani alikuja Jumatatu. Aliupanga mkono na kadi yake yenye mistari na kijizani cha kukaa kwenye kiganja, akaweka kipete, akaitazama sindano kwa kioo akasema hii siyo sindano tena, hii ni patasi, akaweka nyingine. Sarafu hakuuliza, lakini alivyokuwa ananyamaza niliona wazi kwamba Masanja amekwisha kupita Mabatini. (Igoma nzima sasa nikiingia mahali kuna mtu anaweka mia tano mezani na kunitazama. Sawa. Na wao wana bukta zao.)

Mbuzi alivuka kwenda Nansio kwa meli, na mama mkwe tangu hapo akija kliniki anafikia kwangu, anakula meza moja na mimi, ananiambia mbele ya wageni kwamba naongea sana. Madaktari wanasema jicho moja litabaki. Akimaliza chai anaomba mashine ifunguliwe, na mimi nakaa mbali nayo, suruali imefungwa mkanda, mikono nimeikalia, kwa sababu niliapa mbele ya Mama Kulwa kwamba mkono ule sitaugusa tena hata kwa kuupangusa vumbi, na pale panapokwama hakuna anayeharakisha kuinuka, tunamwacha mzee amwite mke wake mpaka mama mwenyewe akitosheka ananyoosha kidole.

Na kwa kuwa najua mtaniuliza, maana kila ninayemsimulia anafuta machozi halafu anauliza hilo hilo, nawajibu kabisa: mashine, sindano, kazi ya Hamdani, kipete, mbuzi na nauli ya mbuzi, blanketi, vitenge, kanga ya kushangilia nyumba yangu na bukta mpya, jumla ilinigharimu shilingi milioni moja, laki moja na thelathini na nane elfu, mia tano.